Shilingi Mia kwa Ukurasa

Mashine yangu ina umri mkubwa kuliko duka.
Ikiamka asubuhi hukohoa kwanza,
hutema karatasi moja nyeupe, kama mtu anayesafisha koo,
ndipo ikubali kazi.
Mie naijua. Huipiga kofi dogo ubavuni,
nikaiambia: bismillahi, bibi, twende.

Mwezi wa Aprili, Chake Chake, masika yamekaza,
na mtihani wa kidato cha sita umeshafika kizingitini.
Watoto wa skuli wanashuka kutoka Machomane, kutoka Wawi,
bahasha wamezificha chini ya mabuibui zisirowe.
"Kaka Shaame, Fizikia ya miaka kumi, nakala nane."
"Kaka Shaame, Kemia hii ukurasa wa tatu umefifia, nitolee tena."
Shilingi mia kwa ukurasa. Mbele na nyuma, mia na hamsini.
Wao wanadhani nauza karatasi.

Hawajui kuwa mashine ikimeza vibaya,
karatasi ikatoka imejikunja, imekatika mguu,
siitupi.
Naikunjua juu ya goti, naipiga pasi kwa kiganja,
naitia katika boksi la sabuni chini ya meza.
Humo ndimo skuli yangu.

Miaka saba nasoma nusu za maswali.
Najua sababu za vita mpaka ya tatu.
Najua jani la mmea, upande wa kushoto tu.
Na kuna tufe lilirushwa kwa ulalo
kutoka juu ya mnara wenye urefu wa
hapo wino uliisha.
Tangu mwaka ule tufe halijatua.
Nikifunga duka huliona juu ya paa la benki,
limening'inia,
linangoja nilipe namba.

Mara ya kwanza nilikaa chumba cha mtihani nina miaka kumi na tisa.
Baba amelazwa Mkoani;
nilijibu kwa sikio moja,
jengine liko kwenye simu niliyomwachia mlinzi.
Matokeo yalipotoka niliyasoma mara mbili,
kisha nikamwambia mama mtandao haushiki.
Haushiki mpaka leo.
Naye hajauliza tena, ila kila mwezi wa mtihani
hunitilia yai kwenye chai ya asubuhi, kimya,
kama zamani.

Jana usiku alikuja Mafunda, mtoto wa Faki fundi saa,
ana daftari la kambi, kurasa arubaini.
Ukurasa wa saba, umeme ukakatika.
Tukakaa. Mvua juu ya bati, hatusikilizani.
Akawasha tochi ya simu, ikaangukia boksi.
"Kaka, hizi za nani?"
"Za kufungia karanga."
Akainua moja, akaigeuza.
"Karanga gani hizi, mbona zimejibiwa?"

Sikuwa na neno.
Akachakura, akalipata lile la tufe,
pembeni limejaa mistari yangu, mishale isiyofika chini.
"Themanini," akasema.
"Mnara ni mita themanini. Hili tumelifanya mpaka limetuchosha."
Akasema kama anayetaja bei ya dagaa.

Alipoondoka nilipiga hesabu gizani, kwa kidole, juu ya meza.
Sekunde nne.
Miaka saba, Mola wangu,
na zilikuwa sekunde nne.

Leo nimefungua kabla ya wauza mikate.
Nimeweka kiooni kitambulisho changu,
na ile barua yenye namba yangu ya mtahiniwa wa kujitegemea,
ambayo tangu Januari imelala ndani ya msahafu.
Mashine ikakohoa, ikatema nyeupe yake,
kisha ikanitoa mimi, kijivu kidogo, sikio moja limekatika.
Nikatia mia mbili kwenye droo.
Ile nyeupe nikaikunja mara nne, mfukoni.
Ya kufanyia hesabu.